Asilimia Mbili na Nusu Tu

Mashine ya kadi ilitoa karatasi saa mbili na dakika kumi usiku: miamala saba, jumla shilingi 640,000. Mama mwenye duka la vitenge pale Ntinda, Kampala, akaikunja, akaibana katikati ya daftari, akafunga duka. Kesho yake saa nne asubuhi ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu.

621,600.

Alikwisha kupiga hesabu yake. Asilimia mbili na nusu ya 640,000 ni 16,000, kwa hiyo zilipaswa kufika 624,000. Zimepungua 2,400. Ni pesa ya rolex, ile chapati ya mayai ya kando ya barabara. Hakuna mtu anayepanda boda kwenda benki kudai 2,400. Nauli peke yake inaimaliza.

Siku mashine ilipoletwa, kijana wa benki alimwambia: "Mama, tunakata asilimia mbili na nusu tu."

Hilo "tu" limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa.

Zilikokwenda

Hizo 2,400 zina maelezo. Kati ya miamala saba, miwili ilikuwa ya kadi zilizotolewa na benki za nje ya Uganda, jumla 240,000. Mkataba unasema kadi za ndani hukatwa 2.5% na za nje 3.5%. Asilimia moja ya ziada kwa 240,000 ni 2,400, hesabu imekaa sawa. Imeandikwa ukurasa wa tisa, chini ya jedwali, kwa Kiingereza cha mawakili. (Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Mikataba ya mashine za kadi bado haijapata habari.)

Kwa hiyo hakuna aliyeiba. Kijana alikuwa na nambari kadhaa mkononi, akataja iliyo ndogo kuliko zote.

Watatu wanaomega

Mteja akigusisha kadi, ombi linatoka kwenye mashine, linaenda kwa benki iliyoitoa mashine hiyo, linapita kwenye mtandao wa kadi, mara nyingi Visa au Mastercard, hadi benki ya mteja, kisha jibu linarudi. Sekunde chache tu. Kila aliye njiani anamega. Benki ya mteja huchukua fungu lake, ambalo mara nyingi ndilo nono. Mtandao wa kadi huchukua ada yake. Kinachobaki ni cha benki iliyokupa mashine.

Mgao huu ukiujua, unajua pia wa kubembelezana naye. Meneja wa tawi lako hawezi kugusa fungu la benki ya mteja wala la Visa. Anaweza kugusa fungu la benki yake, pamoja na kodi ya mashine (pango lake la kila mwezi) na vijiada vingine ambavyo benki yake imejitungia. Ukienda na ombi la "punguzeni makato" utajibiwa kwamba viwango vinatoka ng'ambo, na kwa sehemu ni kweli. Ukienda na swali la "fungu lenu ninyi ni asilimia ngapi?" mazungumzo yanakuwa mengine.

Fungu la benki ya mteja halitulii mahali pamoja. Linategemea kadi yenyewe ni ya aina gani, maana kadi ya mkopo yenye zawadi za safari za ndege humgharimu muuzaji kuliko kadi ya kawaida ya akaunti. Linategemea kama imetolewa ndani au nje ya nchi. Linategemea namna ilivyosomwa: iliyochomekwa na kuwekewa namba ya siri huhesabiwa salama kuliko ile ambayo muuzaji amebofya tarakimu zake kwa mkono. Na linategemea biashara yako imesajiliwa kama nini.

Hilo la mwisho wengi hawalijui. Kila muuzaji hupewa nambari ya tarakimu nne inayosema anauza nini: 5411 ni maduka ya vyakula, 5812 mikahawa, 5912 maduka ya dawa, 7011 hoteli. Huwekwa siku ya usajili na mtu anayejaza fomu kwa haraka, na ikiwekwa vibaya inaweza kukaa hivyo miaka. Piga simu uulize nambari yako. Swali ni la dakika mbili.

Kuhusu kadi za nje kuna jambo lililonigeuza mawazo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: benki ya mteja isichukue zaidi ya 0.2% kwa kadi za akaunti na 0.3% kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Ukisikia hivyo unadhani Mjerumani anayelipia kitenge Ntinda anakuja na unafuu wake mfukoni. Haji nao. Kikomo hicho kinahusu malipo ambayo benki zote mbili, ya mteja na ya muuzaji, ziko huko huko. Kadi ileile iliyo rahisi Munich inageuka ghali ikishuka Entebbe, na tofauti inatoka kwa mwenye duka.

Gawanya

Sasa acha karatasi ya siku moja, chukua taarifa ya mwezi. Huu ni mfano wa duka la ukubwa huo.

Mauzo ya kadi: 6,200,000. Kadi za ndani 4,000,000, makato 100,000. Kadi za nje 2,200,000, makato 77,000. Kodi ya mashine 50,000. Laini ya intaneti iliyo ndani ya mashine 10,000. Ada ya taarifa ya mwezi 5,000.

Jumla 242,000.

Gawanya 242,000 kwa 6,200,000. Unapata 3.9%.

Hiyo ndiyo bei. Ile 2.5% ni nambari ya kwenye mdomo wa muuza mashine. Bei ni makato yote ya mwezi, ya kila jina, ukigawanya kwa mauzo yote ya kadi. Fanya hivyo kila mwezi na uandike jibu moja tu kwenye daftari. Likipanda bila mauzo yako kubadilika sura, kuna mstari mpya umeingia kwenye taarifa, na sasa unajua uutafute.

Ubaya wa vile viada vya kudumu unaonekana ukibadilisha ukubwa wa duka. Mwenye mauzo ya kadi ya 1,500,000 kwa mwezi, yote kadi za ndani, atakatwa 37,500 za asilimia na 65,000 za kodi, laini na taarifa. Jumla 102,500, yaani 6.8%. Duka kubwa la 60,000,000 kwa viwango vilevile litalipa 1,565,000, yaani 2.6%. Mkataba mmoja, nambari zilezile, na mdogo analipa zaidi ya mara mbili na nusu ya mkubwa kwa kila shilingi.

Na mkubwa ndiye anayesamehewa kodi ya mashine kwa sababu "ana mzunguko mzuri".

Rudi kwenye 242,000. Kama faida ya duka ni 12% ya mauzo, basi 6,200,000 zilizaa 744,000. Makato yamekula karibu theluthi ya faida hiyo. Makato huhesabiwa juu ya mauzo, nawe unaishi kwa faida. Asilimia nne ya mauzo inasikika ndogo mpaka uiweke mahali pake.

Pesa isiyo yako

Hapa ndipo hesabu inaponikera zaidi. Mashine haijui shilingi ipi ni yako. Ukiuza kitu cha 100,000 ukaongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18%, mteja anagusisha 118,000. Kwa 3%, unakatwa 3,540, na 540 kati ya hizo zimekatwa juu ya kodi ambayo utaipeleka Mamlaka ya Mapato (URA) kamili, bila kupunguza senti.

Wakala wa safari ndiye anayeumia kabisa. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kwa mgeni asiye mkazi kiliwekwa kuwa dola 800 Julai 2024, na Mamlaka ya Wanyamapori inataka 800 zake zote. Mgeni akimlipa wakala kwa kadi inayokatwa 3.5%, dola 28 zinaondoka kwenye kibali hicho kimoja. Kama wakala ameongeza dola 50 za huduma yake, zaidi ya nusu imekwenda kabla hajampigia dereva simu. Wenye akili hutenganisha: kibali kwa uhamisho wa benki, gari na malazi kwa kadi.

Vivyo hivyo kwa yeyote mwenye faida nyembamba: duka la dawa, muuza vocha, duka la jumla la Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala. Huko kadi kwa kila kitu ni njia ya kufanyia kazi benki.

Dola inapogeuka shilingi

Makato mengine hayana hata mstari kwenye taarifa.

Nyumba ya wageni Jinja inatoza dola, mashine inasoma dola, lakini akaunti ni ya shilingi. Katikati pana kiwango cha ubadilishaji, na mwenye kukichagua ni benki. Tuseme kiwango cha kati cha siku ni 3,700 na benki imetumia 3,620. Kwa dola 1,000 zimepotea 80,000, yaani zaidi ya 2%. Jumlisha na 3.5% ya kadi, unafika karibu 5.6%, na katika taarifa utaona 3.5% peke yake.

Kuikamata ni rahisi. Chukua shilingi ulizoingiziwa, rudishia makato yaliyoandikwa, gawanya kwa dola ulizouza. Linganisha na kiwango cha siku hiyo ambacho Benki Kuu ya Uganda huchapisha kwenye tovuti yake. Pengo likiwa kubwa kila mara, omba akaunti ya dola iunganishwe na mashine, kisha ubadilishe pesa mwenyewe siku unayotaka, kwa anayekupa bei nzuri. Ila uliza kwanza ada ya kuendesha akaunti hiyo, tusije tukakimbia mvua tukaingia mtoni.

Kuna pia ile skrini inayomuuliza mgeni: ulipe shilingi au yuro? Akibofya yuro, ubadilishaji unafanyika palepale kwa kiwango ambacho kwa kawaida ni kibaya kwake. Baadhi ya mikataba humgawia muuzaji kidogo, na hapo ndipo wahudumu hufundishwa kumbofyea mgeni. Msiwabofyee. Kanuni za mitandao ya kadi zinataka achague mwenyewe, na akigundua akiwa kwao atakuandika vibaya kule wanakosoma wageni wengine.

Mtandao ukikatika katikati

Makato ghali kuliko yote hutokana na muamala uliokwama. Mteja ameweka namba ya siri, mashine inazunguka, mtandao unakatika, karatasi haitoki. Mhudumu anarudia. Mteja anakatwa mara mbili, halafu anaenda kwa benki yake kupinga malipo.

Akipinga, benki yako inaondoa pesa hizo kwenye akaunti yako kwanza, kisha inakuomba ushahidi. Juu yake mara nyingi kuna ada ya shauri lenyewe, na mikataba mingi haiirudishi hata ukishinda. Kwa aina nyingi za malalamiko mteja ana hadi siku 120, kwa hiyo barua inaweza kuja wakati umeshasahau uso wake. Muda wako wa kujibu ni mfupi kuliko wake. Jibu siku ileile.

Kabla ya kurudia muamala, ingia kwenye menyu ya mashine, chapisha nakala ya muamala wa mwisho. Ukiwa wa mteja huyo na umeandikwa kuwa umekubaliwa, pesa imeshatoka, usirudie. Muamala huo usipokuwepo, rudia. Simu ya mteja ikiwa na ujumbe wa kukatwa huku mashine ikisema umeshindikana, andika namba ya kumbukumbu, saa na kiasi, uipigie benki yako simu pale pale. Usimrudishie noti mkononi. Benki yake inaweza kumrudishia pia, nawe umelipa mara mbili.

Sheria hiyohiyo kwa bidhaa iliyorudishwa: aliyelipa kwa kadi arudishiwe kwenye kadi ileile, kupitia mashine. Na ujue kwamba makato ya mauzo ya kwanza huenda yasirudi.

Zile karatasi nyeupe zinachapwa kwa joto, hazina wino. Zikikaa juani, au kwenye mfuko wa plastiki kwenye droo yenye joto, zinafifia, na ushahidi wako unabaki karatasi tupu. Zipige picha kwa simu kila jioni, weka picha kwa mwezi, zitunze mwaka mmoja na nusu.

Halafu kuna kufunga siku. Mashine nyingine hujifunga zenyewe usiku. Nyingine zinasubiri mtu abofye. Isipofungwa, miamala inabaki ndani yake kama barua isiyotiwa posta, na pesa hazitoki kwa benki ya mteja. Kama umeme wa mtaa wenu una mazoea ya kukatika jioni, funga siku kabla ya betri kuisha.

Basi tuirudishe?

Kwa siku kadhaa nilikuwa na jibu: irudishwe. Mwenye 1,500,000 kwa mwezi anayelipa 6.8% afanye nini na mashine?

Kisha nikaangalia mbadala wake kwa jicho lilelile. Pesa ya simu imejaa kila kaunta, ina namba yake ya kulipia, mteja anaijua. Lakini Julai 2018 serikali iliitoza 1% kwa miamala, watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi 0.5% kwa kutoa pesa. Juu ya hiyo kuna ada ya kampuni yenyewe. Kadi hukata pesa ikiingia. Pesa ya simu, kwa sehemu kubwa, hukata ikitoka. Anayemlipa msambazaji wake moja kwa moja kutoka kwenye simu anaona nafuu. Anayetoa kila jioni ili anunue mali kwa noti anaiona ada yote. Noti nazo zina gharama: bandia, chenji, foleni ya kuweka benki, na kutembea nazo Ijumaa usiku.

Sasa naona hivi. Mashine inalipa pale ambapo mteja wake asingenunua bila kadi: mgeni, mtu wa shirika anayehitaji risiti ya kadi, mnunuzi wa vitu vya laki kadhaa. Kwa mnunuzi wa jirani ambaye angelipa vyovyote vile, ni hasara tupu. Duka la Ntinda lina wateja wa aina zote mbili, ndiyo maana swali halina jibu la ndiyo au hapana.

Wengine hubandika tangazo: kadi ongeza 3%. Soma mkataba kwanza, maana kanuni za mitandao ya kadi hubana sana nyongeza hiyo. Na hata hesabu yenyewe haifungi: ukitaka 100,000 kamili baada ya kukatwa 3%, unatakiwa kutoza 103,093, kwa kuwa makato yanakula na ile nyongeza. Kumpunguzia bei kidogo anayelipa taslimu huleta ugomvi mdogo zaidi.

Kule benki

Nenda na taarifa za miezi mitatu na ile nambari yako ya kugawanya. Anza na kodi ya mashine, kwa sababu ndiyo mstari unaofutika upesi: uliza ni mauzo ya kiasi gani kwa mwezi yanaifuta, na uombe jibu kwa maandishi yenye muhuri. Ujumbe wa WhatsApp wa kijana wa mauzo haumfungi mtu, na kijana mwenyewe mwakani atakuwa benki nyingine.

Kisha uliza yale ambayo huulizwa yakishatokea: kuna kiwango cha chini cha makato kwa mwezi hata nikiuza sifuri? Nikirudisha mashine kabla ya muda kuna faini? Ikianguka na kupasuka kioo nadaiwa kiasi gani? Pesa za Ijumaa na Jumamosi zinaingia lini? Zile za siku mbili zikiingia kwa mkupuo Jumatatu, kuzilinganisha na karatasi ni kazi, kwa hiyo omba kila siku iingie na kumbukumbu yake. Ukiweza, omba mauzo yaingie kamili na makato yakatwe mara moja mwisho wa mwezi. Utayaona yote mahali pamoja, ila uache salio la kuyatosha.

Anayekujia na mashine wakati si benki, angalia kwanza kama yumo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huichapisha. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2020 inamtaka awe nayo. Na ukikuta makato ambayo hukuwahi kuelezwa, malalamiko huanzia kwa benki yenyewe kwa maandishi, yakikwama yanapanda Benki Kuu. Mwongozo wake wa 2011 wa kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha unataja uwazi miongoni mwa misingi yake. Nukuu neno hilo kwenye barua.

Mama wa vitenge bado ana mashine. Ameihamisha kutoka kaunta ya mbele hadi rafu ya nyuma yake, na anayeitaka huiomba. Kwenye daftari, baada ya tarehe, bidhaa, bei na njia ya kulipa, amechora safu ya tano kwa rula. Juu yake ameandika: kilichofika.